Pathani Samanta, Msahihishaji wa Panchang

Katika kila nyumba ya Kihindu hapa Tukuyu imo panchang. Kwa wengine ni kalenda ya ukutani iliyochapwa Gujarat na kuletwa na jamaa aliyetoka safari. Kwa wengine ni kijitabu chembamba kinachowekwa karibu na madhabahu ya nyumbani. Kwa vijana wa siku hizi imo ndani ya simu. Humo twasoma siku ya kufunga Ekadashi, usiku wa Diwali, saa ya kufungua vitabu vipya vya hesabu za duka, na wakati mwema wa kumvisha bibi harusi mkufu wake. Tumezoea kuisoma kama tusomavyo saa ya ukutani, tusiulize ni nani aliyeitengeneza wala alijuaje kuwa ni sahihi.

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeuliza swali hilo, akatumia umri wake wote kulijibu. Jina lake kamili ni Chandrasekhara Singha Harichandan Mahapatra Samanta, lakini watu wa Odisha, pwani ya mashariki ya India, humwita kwa jina la utotoni, Pathani Samanta. Hakuwa na darubini wala hakujua Kiingereza. Alikuwa na macho yake, subira, na vipande vya mianzi.

Panchang ni kitu gani

Kwa ajili ya majirani zetu wasioijua, na kwa ajili ya watoto wetu wanaoisikia tu ikitajwa, tuanze na kitu chenyewe. Neno panchang maana yake ni viungo vitano. Kiungo cha kwanza ni tithi, yaani siku ya mwezi. Tithi haipimwi kwa saa bali kwa mwendo: kila mwezi unapolitangulia jua angani kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Kwa kuwa duara zima lina nyuzi 360, mwezi mwandamo mmoja una tithi 30, yaani 15 za mwezi unaokua na 15 za mwezi unaopungua. Lakini mwezi hauendi kwa kasi moja. Kuna siku ukimbiao na siku ujikokotao, na kwa hiyo tithi moja yaweza kwisha kwa muda wa saa 20 hivi, na nyingine ikachukua karibu saa 27.

Kiungo cha pili ni vara, siku ya juma. Cha tatu ni nakshatra, kimoja cha vituo 27 vya nyota ambavyo mwezi huvipitia katika mzunguko wake. Kituo kiitwacho Krittika ndicho kile kikundi cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa pwani yetu hukiita Kilimia. Cha nne ni yoga, ipatikanayo kwa kujumlisha mahali pa jua na mahali pa mwezi angani. Cha tano ni karana, nusu ya tithi.

Juu ya viungo hivyo hujengwa nyakati za kila siku. Mchana, tangu macheo hadi machweo, hugawanywa katika sehemu nane zilizo sawa. Mojawapo ni Rahu Kaal, ambayo mtu hapendi kuanza ndani yake safari wala biashara mpya. Wagujarati huziita sehemu hizo choghadiya, wakazipa majina: Amrit, Shubh na Labh ni njema, Rog, Kaal na Udveg huepukwa. Katikati ya mchana kuna kipindi kifupi kiitwacho Abhijit, ambacho hutumiwa pale ambapo muda mwingine mwema haukupatikana.

Hesabu ya namna hii si ngeni kwa majirani zetu. Kiswahili nacho huanza kuhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Waislamu hutazama mwezi mwandamo wapate kuanza na kumaliza Ramadhani. Wakristo, wakiwemo Wamoravian ambao misheni yao ya Rungwe ilianza mwaka 1891, huipata Jumapili ya Pasaka kwa kuufuata mwezi mpevu. Sote tunaishi chini ya mwezi mmoja.

Basi panchang nzima imetundikwa juu ya misumari miwili: mahali pa kweli pa jua na mwezi angani, na saa ya kweli ya macheo katika mji wa msomaji. Msumari mmoja ukilegea, mtu atafunga siku isiyo ya kufunga, na sala iliyokusudiwa usiku mmoja itasaliwa usiku mwingine. Pathani Samanta aliukuta msumari wa kwanza umelegea.

Mtoto aliyekabidhiwa kwa fakiri

Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1835 huko Khandapara, dola ndogo ya kifalme iliyozungukwa na vilima na misitu, ambayo leo imo katika wilaya ya Nayagarh. Baba yake, Shyamabandhu, alikuwa wa ukoo wa watawala, ila wa tawi lisilo na mali. Husimuliwa kwamba watoto waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, na wazazi, kwa hofu ya kumpoteza na huyu, wakafuata desturi ya siku zile: walimkabidhi kwa fakiri Mwislamu kana kwamba ni mwanawe, ili mauti yampite. Ndipo akapata jina la Pathani, yaani mtoto wa Mpathani. Hivyo Mhindu ambaye hesabu zake zilikuja kuongoza ibada za hekalu kubwa aliitwa maisha yake yote kwa jina la heshima kwa Mwislamu maskini. Sisi tuishio ukuta kwa ukuta na majirani wa dini nyingine tunalipenda jina hilo.

Shule za Kiingereza hazikuwa zimefika Khandapara. Alifundishwa Kisanskriti kwa mtindo wa kale: sarufi, ushairi, mantiki, na vitabu vya dawa. Mmoja wa wakubwa zake wa nyumbani alimwonyesha nyota na kumfundisha majina yake, na akiwa na umri wa miaka kumi hivi akaanza kujifunza unajimu. Katika maktaba ya ukoo mlikuwa na vitabu vya falaki vilivyoandikwa juu ya majani ya mtende. Akavisoma peke yake, maana hapakuwa na mwalimu wa kumfafanulia. Humo alikutana na wakuu wa elimu hiyo: Surya Siddhanta, ambacho hadi leo ni mama wa panchang nyingi, na Siddhanta Shiromani cha Bhaskara, kilichotungwa mwaka 1150.

Alipokuwa na miaka 15 hivi aliweza kupiga hesabu za kuonyesha nyota ipi itachomoza saa ngapi na sayari ipi itasimama wapi. Kijana mwingine angetosheka hapo, akawa mnajimu wa kijiji, akala riziki yake. Yeye alitoka nje usiku, akatazama. Akaona kwamba sayari haipo pale ambapo kitabu kimesema itakuwapo. Akarudia hesabu, akidhani amekosea; hesabu haikuwa na kosa. Akatazama tena usiku wa pili na wa tatu. Anga ilisema hivi, kitabu kikasema vile.

Tunaomba msomaji auone uzito wa jambo hilo kwa kijana mcha Mungu. Vitabu vile havikuwa vya wageni. Vilikuwa urithi wa mababu, na Surya Siddhanta huhesabiwa kuwa elimu iliyotolewa na Mungu Jua mwenyewe. Njia mbili zilikuwa rahisi kwake: kulifumbia jambo macho, au kuvitupa vitabu. Hakuchukua hata moja. Aliona kwamba wale mabingwa wa kale wenyewe walikuwa wakisahihishana kizazi kwa kizazi, na kwamba kanuni yao kubwa ilikuwa hesabu ipatane na kionekanacho. Kosa dogo la pembe katika kanuni, likiachwa kwa karne nyingi, huwa kubwa, kama vile mstari uliopinda kidogo mwanzoni mwa shamba unavyofika mbali na mpaka mwishoni mwake. Kuvisahihisha vitabu, basi, kulikuwa ndiko kuvitii.

Vyombo vya mianzi

Kusahihisha kunataka vipimo, na vipimo vinataka vyombo. Huko Ulaya, karne tatu nyuma yake, Tycho Brahe alikuwa amefanya kazi inayofanana na hii kwa macho matupu, lakini mfalme wa Denmark alimpa kisiwa kizima cha Hven pamoja na fedha za kujengea jumba la kutazamia nyota. Samanta hakupewa kitu. Alivisoma vitabu vyake akaona vyombo vilivyotajwa humo, kisha akajitengenezea kwa mbao na mianzi, na vingine akavibuni mwenyewe.

Sisi wa Rungwe hatuhitaji kuelezwa mwanzi ni kitu gani. Misitu ya mianzi imeuvika mlima wetu, na nyumba za kale za Wanyakyusa, zilizowastaajabisha wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya, zilijengwa kwa mianzi iliyopangwa kwa ustadi. Mwanzi ni mwepesi, umenyooka, wapasulika sawasawa. Kwa vijiti vya namna hiyo Samanta alitengeneza chombo alichokiita Mana Yantra, yaani chombo cha kupimia. Kilikuwa na umbo la herufi T: mpini wenye urefu wa vidole 24, na mwishoni mwake kijiti kingine kilichokingama, chenye alama na matundu yaliyotobolewa kwa mpango wa hesabu. Mtazamaji aliweka ncha ya mpini karibu na jicho, akaielekeza nyota moja katikati na nyingine kwenye tundu la kando, naye akasoma mara moja pembe iliyo kati yake. Kwa kijiti hicho hicho alipima pia urefu wa miti na vilima bila kuvipanda.

Alikuwa na chombo cha nusu duara, na tufe la pete zilizoonyesha njia za jua na sayari. Alikuwa na kigingi cha kupimia kivuli mchana, na vyombo vya maji vya kupimia muda usiku. Kwa hivyo alitazama anga usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, akaandika. Majira ya masika, mawingu yalipoifunga Odisha kwa miezi, alingoja. Sisi tuishio katika mvua na ukungu wa Tukuyu twajua kungoja huko. Mwili wake ulilipa gharama. Usingizi ulimtoka, na maradhi ya tumbo yakamwandama hadi uzeeni.

Mambo ya nyumbani nayo hayakuwa mepesi. Mwaka 1857 alimwoa Sita Devi, binti wa mtawala wa Angul. Yasemwa kwamba baba wa bibi harusi alipomwona kijana mwenyewe, asiye na sura ya kuvutia, alitaka kuivunja ndoa, na kwamba kilichomlainisha ni elimu ya kijana huyo katika Kisanskriti. Mwaka 1866 njaa kubwa iliikumba Odisha, ikaua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Katika miaka hiyo hiyo, katikati ya uhaba na ugonjwa, Samanta alikuwa akitunga kitabu chake.

Kitabu cha Kioo

Alikiita Siddhanta Darpana, maana yake Kioo cha Elimu ya Falaki. Alikikamilisha mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 33. Ni utenzi wa Kisanskriti wenye beti 2,500 hivi katika sura 24, ulioandikwa kwa herufi za Kiodia juu ya majani ya mtende. Kutunga falaki kwa utenzi hakukuwa pambo. Ndivyo elimu hiyo ilivyoandikwa tangu Aryabhata, mwaka 499, ili mwanafunzi aibebe kichwani hata akikosa kitabu, kama vile hapa kwetu wazee walivyozihifadhi tenzi.

Ndani ya kioo hicho kuna mambo ambayo wataalamu bado huyastaajabia. La kwanza ni mwendo wa mwezi. Tumesema mwezi hauendi kwa kasi moja. Wa kale walijua sehemu kubwa ya kutofautiana huko, ila Samanta alizitenga tofauti tatu zaidi, akazipa majina: Tungantara, Pakshika na Digamsa. Ya kwanza hutegemea mahali ambapo mwezi unaikaribia dunia zaidi, ya pili hufuata nusu za mwezi mwandamo, na ya tatu hufuata majira ya mwaka. Wataalamu wa Ulaya nao walikuwa wamezigundua, lakini hakuna kitabu chao hata kimoja kilichofika Khandapara. Alizipata mwenyewe kwa kijiti chake. Na tofauti hizi ndizo hasa zinazoamua tithi itakwisha saa ngapi. Mwenye kuziacha aweza kukosea kwa saa kadhaa.

La pili ni mizunguko ya sayari. Muda alioutoa wa mwezi kuizunguka anga na kurudi kwenye nyota ile ile ni siku 27.3217, na vipimo vya leo vinatoa tarakimu hizo hizo. La tatu ni mwinamo wa njia ya jua. Wa kale walisema ni nyuzi 24; yeye akapata nyuzi 23 na nusu, hesabu iliyo karibu sana na kweli ya zama zake. La nne ni mpango wa sayari. Alifundisha kwamba Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali huzunguka jua, na jua pamoja na sayari zake huizunguka dunia. Ni mpango ule ule aliokuwa ameufikia Tycho. Samanta hakukubali kwamba dunia yenyewe yazunguka jua, na hapo vipimo vya baadaye havikumuunga mkono. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Yeye mwenyewe hakuwaficha wakubwa zake walipokosea.

Na tarehe 9 Desemba 1874, Zuhura ilipopita mbele ya uso wa jua, mataifa makubwa yalituma misafara yenye darubini hadi pembe za dunia kulitazama tukio hilo. Samanta naye aliliingiza katika kitabu chake, ambacho bado hakikuwa kimechapwa, akaeleza kwamba upana wa Zuhura ulikuwa sehemu moja ya 32 ya upana wa jua.

Heshima iliyochelewa

Kwa miaka 30 Siddhanta Darpana kilibaki katika majani ya mtende. Wapo mapandita waliomwona kuwa mjeuri, kwa kuwa alithubutu kuwakosoa wa kale. Waliosoma Kiingereza nao waliuliza faida iko wapi kutafuta kwa mwanzi kile ambacho Ulaya imekwisha kukipata kwa darubini. Jamaa zake wa ikulu ya Khandapara hawakumpa msaada wa maana.

Aliyemtambua alikuwa Jogesh Chandra Ray, mwalimu wa Chuo cha Ravenshaw mjini Cuttack, mtu wa sayansi ya kisasa. Alikutana na mzee huyu, akapima hesabu zake kwa hesabu za Ulaya, akashangaa. Ni yeye aliyesimamia uchapaji, kwa msaada wa fedha za watawala wa Athmallik na Mayurbhanj, na mwaka 1899 kitabu kikatoka Kolkata, kikiwa na utangulizi mrefu wa Kiingereza ulioandikwa na Ray. Mwaka huo huo jarida la Nature la London lilikiandikia tahakiki, likamlinganisha mwandishi na Tycho. Kabla ya hapo, mwaka 1893, serikali ilikuwa imempa cheo cha Mahamahopadhyaya, yaani mwalimu mkuu wa walimu, pamoja na posho ya rupia 50 kwa mwezi.

Lakini heshima tuionayo sisi kuwa kubwa kuliko zote haikutoka London wala kwa serikali. Ilitoka Puri. Huko lipo hekalu la Jagannath, mojawapo ya makao manne makuu ya hija ya Wahindu, ambako kila mwaka magari makubwa ya mbao huvutwa barabarani na maelfu kwa maelfu ya watu katika Rath Yatra. Ibada za hekalu hilo hufuata saa kwa ukali mkubwa. Mapandita wa Puri waliichunguza kazi ya Samanta, wakaikubali, na panchang iliyojengwa juu ya kanuni zake ikawa kipimo cha ibada za Jagannath na cha nyumba nyingi za Odisha. Hapo ndipo jibu la wale waliouliza faida yake iko wapi. Hesabu za darubini zilikuwapo, ila zilikuwa katika lugha na vitabu ambavyo kuhani wa Puri asingevitumia. Samanta aliileta kweli ile ile kwa mlango ambao watu wake walikuwa wameuacha wazi.

Alifariki Puri tarehe 11 Juni 1904, akiwa na umri wa miaka 68. Watu wa Odisha husimulia kwamba alikuwa amejipigia hesabu ya siku yake, akaomba apelekwe karibu na Jagannath kabla haijafika. Leo mjini Bhubaneswar jumba la kuonyeshea nyota limepewa jina lake, na watoto wa shule huingia humo wakakaa gizani, wakiitazama anga aliyoitazama yeye.

Kwetu Tukuyu

Samanta aliukaza msumari wa kwanza. Msumari wa pili, yaani macheo ya mji wa msomaji, hakuna awezaye kutukazia ila sisi wenyewe, na hili lina uzito katika hekalu letu kwa sababu kila mwaka hurejea ubishi ule ule: tufunge leo au kesho?

Tutazame hesabu. Panchang nyingi tulizonazo zimetengenezwa kwa ajili ya miji ya India. Ujjain, mji ambao wanafalaki wa Kihindu waliuchukua tangu zamani kuwa chanzo cha kuhesabia, uko nyuzi 42 mashariki mwa Tukuyu. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Basi jua likiwa juu ya Ujjain, litachelewa karibu saa mbili na dakika 50 kufika juu yetu. Kwa upande mwingine, tithi hukwisha kwa wakati mmoja duniani kote, maana ni jambo la mwezi na jua, si la mji. Chukua mfano: tithi ya kumi inakwisha saa moja na nusu asubuhi kwa saa za India. Huko jua limekwisha kuchomoza tithi hiyo ikiwa bado ipo, kwa hiyo siku nzima itaitwa ya kumi. Kwetu wakati huo ni saa kumi na moja alfajiri. Jua letu linapochomoza, tithi ya kumi na moja imekwisha kuingia. Siku ile ile ni Dashami kwao na Ekadashi kwetu. Hakuna aliyekosea, kila mji unalifuata jua lake. Mwenye kufuata karatasi ya Gujarat bila kuibadilisha ndiye atakayefunga siku moja nyuma ya jua lililomwangazia.

Ndivyo ilivyo na Rahu Kaal. Wengi tumekariri kwamba Jumatatu ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Hesabu hiyo hudhani kwamba jua limechomoza saa kumi na mbili kamili. Lakini saa ya Tanzania imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake kwa zaidi ya nyuzi 11. Hapa adhuhuri ya kweli huja kama saa sita na dakika 45, ikisogea kidogo mbele au nyuma kwa majira. Jua la Tukuyu huchomoza kama saa kumi na mbili na robo mwezi Novemba, na mwezi Julai hupita saa moja asubuhi kwa dakika chache, hata kabla hatujauhesabu ukungu. Kwa hiyo aliyekariri saa za kitabuni huenda akakiepuka kipindi kisichohusika, akaanza safari yake ndani ya kile alichokikimbia.

Hatuyasemi haya ili kumcheka mzee yeyote. Twayasema kwa sababu dawa yake ni nyepesi: kutafuta hesabu iliyopigwa kwa ajili ya Tukuyu, au kuipiga. Simu nyingi siku hizi huweza kufanya hivyo, mradi mtumiaji aandike jina la mji wake badala ya kuuacha mji wa India uliowekwa na mtengenezaji. Tungefurahi vijana wetu waijifunze kazi hii, wabandike mlangoni pa hekalu kila mwezi karatasi moja yenye macheo, tithi na nyakati za hapa hapa. Kigingi kimoja uani na kivuli chake vyatosha kuanzia somo.

Na tuongeze neno moja. Samanta alipima nyakati kwa uangalifu usio na kifani, lakini hakuna tunalolijua katika maisha yake linaloonyesha kwamba kipimo kilimzuia kutenda wema. Panchang ilitungwa ili itukusanye kwa sala kwa wakati mmoja. Haikutungwa ili mgonjwa acheleweshwe hospitali kwa kungoja choghadiya njema, wala ili jirani aliyebisha hodi mchana wa shida ajibiwe arudi jioni. Saa ya huruma haimo katika zile sehemu nane. Huwa njema tangu macheo hadi macheo.

Hekalu letu linapoadhimisha miaka yake, tunamkumbuka mzee wa Khandapara aliyewapenda mababu zake kiasi cha kukagua kazi yao. Mungu atujalie sisi na majirani zetu wote macho ya kutazama kabla ya kubishana, na mikono isiyodharau kazi inayoweza kufanywa kwa mwanzi.